Leonidas Polk na Deni la Dukani

Bei za mazao zimetangazwa, na ubishi wake mmeusikia wiki nzima. Hatuurudii. Kinachotutia wasiwasi hapa redioni ni yule ambaye tangazo halikumgusa: mkulima aliyekwisha kula fedha za mazao yake kabla hajavuna. Bei ipande, ishuke, si yake tena. Ni ya aliyemkopesha. Jambo hili tulilisema msimu uliopita, na leo tunalisema tena, kwa kisa cha mtu aliyelipigania zamani.

Leonidas Polk alikuwa mkulima wa North Carolina, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1837 katika wilaya ya Anson. Alifiwa na wazazi akiwa bado kijana, akabaki na shamba. Mwaka 1860, akiwa na miaka 23, alichaguliwa kuingia bunge la jimbo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka akapigana upande wa majimbo yaliyotetea utumwa, na doa hilo hatulifuti.

Baada ya vita, kusini yote ilikwama katika deni la dukani. Mwenye duka alitoa mbegu, mbolea, unga na nguo kwa mkopo, kwa bei iliyozidi ya taslimu. Rehani yake ilikuwa pamba ingali shambani. Pamba ikivunwa inakwenda kwa mwenye duka, deni haliishi, na mwakani mkulima anaanza tena palepale. Deni la dukani! Wenzetu wa Kagera wana ndugu yake: kuuza kahawa ingali maua, wanakokuita butura.

Polk hakunyamaza. Mwaka 1877 akawa kamishna wa kwanza wa kilimo wa jimbo lake. Mwaka 1886 akaanzisha gazeti la wakulima, Progressive Farmer, akalitumia kudai chuo cha kilimo hadi sheria yake ikapita mwaka uliofuata. Mwaka 1889 akachaguliwa rais wa Muungano wa Wakulima. Muungano huo ulidai serikali ijenge maghala: mkulima aweke pamba yake, akopeshwe asilimia 80 ya thamani yake kwa riba ya asilimia 1, auze bei ikipanda. Wanaoujua mfumo wa stakabadhi ghalani wataitambua hoja hiyo. Bunge la Marekani halikuipitisha.

Na Muungano wenyewe ukawafungia mlango wakulima weusi, ambao deni la dukani liliwabana kuliko wote. Kwetu sisi hilo ni kosa kubwa: mkopeshaji hufurahi wadeni wake wakitengana. Polk alifariki tarehe 11 Juni 1892, wiki chache kabla ya mkutano wa chama kipya cha siasa mjini Omaha, ambako wengi walitarajia ateuliwe kugombea urais wa Marekani.

Waheshimiwa wabunge mliokulia shambani, deni la dukani mnalijua. Lisemeeni! Bei bila mkopo nafuu haimfikii mkulima. Maghala yafunguliwe kabla ya mavuno, malipo yasicheleweshwe, na wanaonunua mazao yangali mashambani wachukuliwe hatua. Nawe mkulima, usiuze maua. Nenda kwenye mkutano wa chama chako cha ushirika, simama, uulize fedha za pembejeo ziko wapi, na usikae mpaka ujibiwe.