KIJANA, URUBANI NA ADABU YA UONGOZI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi na vijana, Nyabugogo, Kigali)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:



Nyabugogo ni mlango wa safari. Mabasi ya Musanze, ya Rubavu na ya Huye huondoka hapa, na kila mtoto wa mtaa huu amjua dereva mwema na dereva mbaya. Lakini basi likiharibika husimama kando ya njia, ilhali ndege ikiwa angani haina kando ya kusimama. Ndiyo maana kazi ya urubani hutangulia kumfunza mtu tabia kabla ya kumfunza kushika usukani.

Mataifa makubwa yalilitambua jambo hili zamani. Tarehe 5 Februari 1941 Uingereza iliunda jeshi la vijana wa mafunzo ya anga, na mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, Marekani nayo ikafungua mlango wa vijana katika chama chake cha Civil Air Patrol. Vyama hivyo vingali hai. Katika hicho cha Marekani, mtoto wa miaka 12, mvulana au msichana, aweza kuandikishwa kuwa kadeti. Hapewi ndege siku ya kwanza. Hufunzwa kufika kwa wakati, kuvaa nguo safi, kusimama safu moja na wenziwe, kuutunza mwili wake, na kusoma ilimu ya anga. Akishajua kufuata, hukabidhiwa wenzake wachache awaongoze. Akiwaongoza vyema, huongezewa. Wengi wao hawawi marubani kamwe, lakini hutoka humo wakiwa watu wa kutegemewa.

Wala uongozi wa kijana si jambo geni kwa Waislamu. Mwaka 632 Mtume, sala na salamu zimshukie, alimpa Usama bin Zaid uamiri wa jeshi, naye alikuwa kijana wa miaka isiyofika 20 au inayokaribia hapo, na chini ya bendera yake walikuwamo watu wazima wenye heshima. Walipotokea walionung'unika, Mtume aliwakemea.

Na hapa Rwanda mfano upo. Bibi Esther Mbabazi alifiwa na babaye katika ajali ya ndege, naye akiwa mtoto wa miaka minane. Ni nani angemlaumu kama angeichukia ndege maisha yake yote? Lakini alikwenda Soroti, Uganda, katika chuo cha urubani kilichofunguliwa mwaka 1971 kwa ajili ya Afrika ya Mashariki, kisha shirika la RwandAir likamlipia kuendelea na masomo Marekani. Mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 24, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Rwanda kuendesha ndege ya abiria. Mama mjane anayemwogopea mwanawe na azingatie habari hiyo. Hofu ya mzazi ni haki yake, lakini isiwe pingu ya mtoto.

Sasa yafaa kutazama uongozi wenyewe ni kitu gani. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa kisiwa cha Tenerife, ukungu ulitanda. Ndege kubwa ya KLM ilianza kukimbia ili iruke, ilhali ndege ya Pan Am ilikuwa ingali katika njia ile ile. Mhandisi wa KLM, aliyekuwa chini ya rubani mkuu, aliuliza kama ile nyingine imekwisha kutoka. Rubani mkuu, mtu mwenye sifa na mwalimu wa marubani wenziwe, alijibu kwa yakini kuwa imetoka. Mhandisi hakuuliza tena. Watu 583 walikufa.

Wazee husema, Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ni kweli. Lakini mkuu asiyesikia la mdogo huvunja miguu ya wengine. Baada ya msiba ule na mingine iliyofanana nao, mashirika ya ndege yalianza kufundisha adabu mpya: mdogo aonapo hatari aseme waziwazi, na mkubwa asikilize bila ya kukasirika. Amri hubaki kwa mmoja, maana nahodha wengi, chombo huenda mrama. Bali macho na masikio ni ya wote.

Mwislamu hawezi kuistaajabia adabu hiyo, kwani ndiyo shura. Katika Badri, al-Hubab bin al-Mundhir alimwuliza Mtume kama mahali pale pa kupiga kambi ni wahyi au ni rai. Alipoambiwa ni rai, alishauri wasogee hadi kwenye maji yaliyo karibu na adui, na Mtume akaikubali shauri yake. Aliuliza kwa heshima, akasikilizwa kwa heshima, na jeshi likanufaika.

Basi yawapasa wazazi kuanza nyumbani. Mtoto apewe amana ndogo na aulizwe juu yake: ufunguo wa duka, hesabu ya mauzo, wadogo zake wa kupeleka chuoni. Ahimizwe katika hesabu, katika ilimu ya maumbile na katika Kiingereza, maana rubani hawezi kufika bila ya hayo. Leseni ya urubani wa kujiendeshea hutolewa tangu umri wa miaka 17, na ya kazi tangu 18. Kwa hiyo miaka ya kujitayarisha ni hii ya shule, wala si ya baadaye. Na mtoto akimwambia babaye kwa adabu, "Baba, hapa naona umekosea," asinyamazishwe kwa kofi. Huenda sauti ile ile siku moja ikawaokoa abiria mia mbili.

Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu utii usio woga na uongozi usio kiburi, na kila msafiri amfikishe salama. Amin.