Waya Huu ni wa Nani? Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi



Mwaka 2024 minada ya korosho katika mikoa ya kusini ya Tanzania ilianza kuendeshwa kwa kompyuta kupitia Soko la Bidhaa. Taarifa za vyama nazo zimekwisha kuhamia katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika. Katibu aliyezoea leja na karatasi ya kaboni hana budi sasa kuwa na intaneti, na siku inapokatika huketi ofisini akiwatazama wanachama wanaosubiri hesabu zao. Kwa hiyo intaneti si anasa ya vijana wa mjini tena. Ni chombo cha ghalani kama mizani ilivyo. Lakini juu ya mizani kila mkulima huuliza: ni ya nani, na nani aliikagua? Juu ya waya unaoleta intaneti ni wachache wanaouliza swali hilo. Wenzao wa Marekani wamelipigania kwa muda mrefu, na habari zao zinastahili kusikilizwa katika mikutano ya vyama.

Inafaa kuanza na umeme, kwa sababu mkasa ni ule ule. Mwaka 1935, KNCU ya Kilimanjaro ikiwa na umri wa miaka 2 tu, mashamba 9 katika kila 10 ya Marekani hayakuwa na umeme, hali nyumba za mijini karibu zote zilikuwa nao. Makampuni yalisema kwamba shamba ni mbali, nyumba zimetawanyika, na mkulima hana fedha. Mwezi Mei mwaka huo Rais Franklin Roosevelt aliunda idara ya kueneza umeme vijijini, na mwaka 1936 ikapitishwa sheria ya kutoa mikopo ya riba nafuu kwa kazi hiyo. Ilidhaniwa kwamba makampuni yangeichangamkia mikopo hiyo. Aghalabu hayakufanya hivyo. Waliokuja ni wakulima wenyewe. Walitoa kiingilio, mara nyingi dola 5 kwa kila mwanachama, wakaandikisha vyama, wakasimamisha nguzo.

Hapo ndipo yalipotokea mambo ambayo mwanaushirika yeyote atayatambua. Kampuni iliyokuwa imeapa kwamba vijijini hakuna faida, iliposikia kuwa chama kinaandikishwa, ilikimbilia kuvuta waya wake mpaka kwenye mashamba makubwa ya watu wenye uwezo, na kuwaacha wanyonge waliobaki. Shabaha haikuwa kuwapa watu umeme. Shabaha ilikuwa kukinyang'anya chama wateja wake wazuri ili kishindwe kulipa mkopo. Wakulima waliziita nyaya hizo kwa jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa nyaya za inda. Mnunuzi asiyeonekana kijijini mpaka siku chama kinapotundika mizani, akaja na bei ya kuvutia kwa wakulima wawili watatu wakubwa, ni ndugu wa tumbo moja na waya huo. Hata hivyo vyama vilisimama, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 zaidi ya mashamba 9 katika kila 10 yalikuwa yanawaka taa.

Karne hii ilipoingia, mambo yakarudia kwa waya wa namna nyingine. Wilson ni mji wa Jimbo la North Carolina uliokua kwa biashara ya tumbaku, wenye watu wapatao 50,000, na tangu zamani halmashauri ya mji ndiyo iliyogawa umeme. Viongozi wake waliyaomba makampuni ya simu na televisheni yaboreshe intaneti ya mji. Yakakataa. Mji ukakopa fedha, ukatandaza mkongo wake wenyewe, na mwaka 2008 ukaanza kuwahudumia wakazi kwa jina la Greenlight.

Kampuni ya Time Warner Cable, iliyokuwa imekataa kuboresha, haikujibu kwa kushusha bei na kutengeneza nyaya zake tu. Ilipeleka mawakala wake katika Bunge la jimbo. Miswada iliwasilishwa ikashindwa, ikawasilishwa tena, mpaka mwaka 2011 mmoja ukapita. Gavana Beverly Perdue hakuutia sahihi wala hakuupinga, nao ukawa sheria kwa kupitwa na muda. Sheria hiyo haikupiga marufuku moja kwa moja. Ilijitambulisha kuwa ni ya kulinda ajira na uwekezaji, kisha ikaweka masharti mengi kiasi kwamba mji mwingine ungekuwa umechoka kabla ya kununua nguzo ya kwanza. Wilson wenyewe uliachiwa uendelee, ila usivuke mpaka wa wilaya yake. Unyonyaji wa siku hizi huvaa mavazi ya namna hiyo: hauji na mjeledi, huja na kifungu kidogo cha sheria.

Katika Jimbo la Tennessee, bodi ya umeme ya mji wa Chattanooga, ambayo ni mali ya umma, ilipambana na kesi za wenye biashara ya televisheni za waya. Ilizishinda, na mwaka 2010 ikawa ya kwanza nchini humo kutoa intaneti ya kasi ya gigabiti moja katika eneo lake zima la huduma. Majirani walioishi nje ya mpaka wa umeme wa bodi hiyo waliomba waunganishwe. Sheria ya jimbo ilikataza. Mtu aliweza kuuona waya kwa macho kutoka barazani kwake, asiruhusiwe kuulipia.

Mwaka 2014 Wilson na Chattanooga zilipeleka malalamiko mbele ya Tume ya Mawasiliano ya serikali kuu, nayo Februari 26, 2015 ikaamua kwa kura 3 dhidi ya 2 kwamba vizuizi hivyo viondolewe. Wilson haikungoja. Mwaka 2016 ilifikisha mkongo Pinetops, kijiji cha watu wapatao 1,300 katika wilaya jirani, mahali ambapo makampuni hayakuwa yamepeleka huduma ya maana. Miezi michache baadaye, Agosti 10, Mahakama ya Rufani ya serikali kuu iliyoko Cincinnati ikatangua uamuzi wa Tume. Yafaa ifahamike vizuri kwamba mahakama haikusema makampuni yana haki wala kwamba kijiji hakistahili. Ilisema tu kwamba Tume haikupewa na sheria uwezo wa kuziondoa sheria za majimbo.

Basi kijiji kikawa na waya uliokwisha kufika mlangoni, nao umegeuka haramu. Halmashauri ya Wilson, kwa kutotaka kuwakatia watu, iliamua kuwapa huduma kwa muda bila malipo. Mwaka 2017 Bunge la jimbo likaruhusu Pinetops iendelee, kwa sharti kwamba kampuni binafsi itakapotandaza mkongo wake kijijini, Wilson iondoke. Tazameni mizani ya haki hiyo. Aliyekuja wakati wa shida anaambiwa akae kama mgeni, na aliyekataa kuja anatunziwa kiti.

Haki inataka upande wa pili nao usemwe. Makampuni husema kwamba halmashauri haifai kuwa mwamuzi na mchezaji kwa wakati mmoja, na kwamba fedha za umma zaweza kupotea. Jambo hilo si uongo mtupu. Mji wa Provo, Jimbo la Utah, ulijenga mkongo kwa mkopo, hesabu zikaushinda, na mwaka 2013 ukauza mtambo kwa kampuni ya Google kwa dola 1, huku wananchi wakibaki na deni. Umma kumiliki waya si dawa ya uzembe. Kila katibu aliyewahi kupokea chama chenye vitabu vilivyochafuka anajua. Lakini hoja ya hasara ni hoja ya wenye mali kuijadili katika mkutano wao. Haiwi sababu ya mshindani kuwafungia mlango kwa sheria.

Wananchi walipopewa nafasi ya kupiga kura, fedha zilimwagwa. Jimbo la Colorado lilikuwa na sheria ya mwaka 2005 iliyodai kura ya wananchi kabla mji haujatoa intaneti. Katika mji wa Longmont wapinzani walishinda mwaka 2009. Mwaka 2011 kura ikarudiwa, wapinzani wakiungwa mkono na makampuni wakatumia zaidi ya dola 400,000 katika mji mmoja mdogo, na safari hiyo wakashindwa. Miji na wilaya zaidi ya 100 zilifuata njia hiyo, na mwaka 2023 sheria yenyewe ikafutwa.

Mbaya kuliko fedha ni majina. Mwaka 2017 Tume ile ile ya Mawasiliano, ikiwa na uongozi mwingine, ilikaribisha maoni juu ya kuondoa kanuni ya usawa wa mtandao, yaani kanuni inayomkataza mwenye waya kumpunguzia mtu mmoja kasi na kumharakishia mwingine aliyelipa. Yalipokelewa maoni milioni 22. Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York alichunguza, na mwaka 2021 akatoa taarifa kwamba karibu milioni 18 yalikuwa ya kughushi. Zaidi ya milioni 8.5 yalitokana na kampeni iliyolipiwa na makampuni ya intaneti, ambayo ilitumia majina na anwani za watu halisi wasiojua lolote. Upande uliotetea kanuni nao haukuwa safi: kijana mmoja mwanafunzi alituma peke yake maoni milioni 7.7 kwa majina ya kubuni. Katibu anayejua uzito wa sahihi moja ya uongo katika daftari la mahudhurio na azipime sahihi milioni 18. Kanuni iliondolewa mwaka huo huo, ikarudishwa 2024, na mwezi Januari 2025 mahakama ile ile ya Cincinnati ikaitangua.

Katika yote hayo, vyama vya ushirika vya umeme vya vijijini, vile vya kiingilio cha dola 5, bado vipo. Vilikuwa na nguzo, wanachama na ofisi. Kilichokosekana ni ruhusa. Katika Jimbo la Mississippi sheria iliyotungwa mwaka 1942, wakati intaneti haijaotwa, ilivifunga katika biashara ya umeme peke yake mpaka ilipobadilishwa mwezi Januari 2019. Tennessee ilivifungulia mlango mwaka 2017. Leo vyama zaidi ya 200 nchini Marekani vinawapelekea wanachama wao intaneti. Na shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, bodi ya Chattanooga, pamoja na washirika wake, iliandaa intaneti ya bure kwa watoto wapatao 28,000 wa jamaa maskini, kwa sababu nyaya zilikuwa zake na haikuhitaji kumwomba mtu.

Chama cha msingi chenye ghala moja hakitatandaza mkongo kesho. Lakini kampuni huja kuomba kiwanja cha mnara, au kuuza huduma kwa mkataba wa miaka mingi, na mara nyingi karatasi hutiwa sahihi palepale kwa furaha ya kuona gari jipya limesimama ofisini. Kabla ya kutia sahihi, Bodi iulize nguzo na vifaa vitabaki kuwa mali ya nani mkataba ukiisha. Kama kuna kifungu kinachokikataza chama kumkaribisha mtoa huduma mwingine. Bei yaweza kupandishwa na nani, na kwa taarifa ya siku ngapi. Na kumbukumbu za mizani na majina ya wanachama zitahifadhiwa kwa nani. Majibu yaandikwe katika muhtasari na kusomwa katika Mkutano Mkuu. Mkataba usiojibu maswali hayo upelekwe kwa Afisa Ushirika ukiwa bado haujapigwa muhuri.