Ng'ombe Watatu wa Mama: Kumbukumbu za Pikipiki Yangu ya Kwanza

(Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti na vijana waliomaliza mafunzo ya uendeshaji pikipiki, Kinango, Kaunti ya Kwale)



Wengi wenu mnanijua kama yule mtu wa kamera. Kazi yangu siku nyingi ni kuandika yale ambayo wakubwa watasema, kisha nasimama pembeni nikiwapiga picha wakiyasema. Leo mwenyekiti ameniomba niweke kamera chini nizungumze mwenyewe, kwa sababu amesikia kwamba niliwahi kungoja abiria hapa hapa Kinango. Karatasi hii nimeiandika jana usiku na nimeifuta mara tatu. Kuandikia wengine ni rahisi zaidi.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2009. Matokeo yalipotoka nilikuwa na alama za kutosha kuitwa mtu aliyesoma, lakini si za kuitwa chuo kikuu kwa gharama ya serikali. Baba alikuwa amefariki nikiwa darasa la saba. Nyumbani kulikuwa na mama, wadogo zangu wawili, mbuzi kadhaa na ng'ombe watano.

Tulipokuwa wadogo, pikipiki huku kwetu zilikuwa za kuhesabika. Kulikuwa na ya bwana mifugo, ya padri, na ya mwalimu mkuu mmoja ambayo haikuwaka asubuhi mpaka isukumwe na darasa zima. Ukisikia mlio ulijua ni nani anakuja. Watu wa kawaida walipanda matatu ya saa kumi na moja alfajiri, na ikikuacha, unatembea. Kisha mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zisizozidi 250cc, bei zikashuka, na kufikia 2010 kila mwenye mtoto wa kiume aliyemaliza shule alikuwa anahesabu mifugo yake kwa jicho jipya. Mimi nilikuwa nawahesabu wa mama kila jioni wakirudi zizini.

Nilimsumbua miezi mitatu. Baba mdogo alikataa kabisa. Alisema ng'ombe huzaa, na kwamba hajawahi kuona pikipiki ikizaa. Mama alinyamaza. Siku moja aliniita jikoni akaniuliza, "Mwanangu, hiyo pikipiki ikianguka, inachinjwa?" Nilicheka. Yeye hakucheka. Wiki iliyofuata mfanyabiashara wa mifugo kutoka Mariakani alikuja, akaondoka na ng'ombe watatu. Mmoja aliitwa Madoa, jike la miaka minne ambalo ndilo lililotupa maziwa ya chai. Walileta shilingi 58,000. Mama akachukua 15,000 kutoka chama chao cha kina mama, kwa dhamana ya jina lake.

Nilikwenda Mombasa na jirani yetu mmoja, kijana mkubwa kuniliko ambaye alikuwa anaendesha pikipiki ya tajiri. Nilitaka Boxer kama ile yake. Pesa zikaishia kwa nyingine, nyekundu, ya 100cc, kwa shilingi 71,500. Zilibaki 1,500. Kutoka humo tulilipa petroli, feri pale Likoni, chai na mandazi, na bima ya mwezi mmoja. Yule jirani ndiye aliyeiendesha hadi nyumbani, maana mimi sikujua hata klachi iko mkono gani. Nilikaa nyuma nimekumbatia karatasi za umiliki ndani ya shati. Tulivuka feri, tukapita Kombani, tukapanda Kwale, na baada ya hapo ilikuwa changarawe na vumbi hadi Kinango. Tulipofika nilikuwa mwekundu kuliko pikipiki yenyewe.

Lazima niwaambie habari ya nailoni. Kiti kilikuja kimefunikwa nailoni kutoka dukani, na mimi sikuitoa. Nilikaa nayo karibu miezi miwili. Jua likiwaka ilichoma mapaja, mvua ikinyesha abiria waliteleza, lakini ilikuwa ushahidi kwamba mashine ni mpya. Naona mnacheka. Nendeni mkaangalie pikipiki zilizoegeshwa pale nje, nimehesabu nne zenye nailoni.

Mama aliizunguka pikipiki mara mbili bila kuigusa. Kisha akaweka kiganja juu ya tangi, kama anavyompapasa ng'ombe mgonjwa, akasema, "Huyu ni Madoa." Ikawa ndilo jina lake. Kila jioni nikiingia aliniuliza, "Madoa amekunywa?" Hapo alikuwa anauliza kama nimebakisha petroli ya kesho.

Nilijifunza kuendesha kwa siku mbili kwenye uwanja wa shule ya msingi. Siku ya tatu nilikuwa steji. Nyinyi mmekaa darasani, mkafundishwa alama za barabarani, mkafundishwa namna ya kufunga breki mbili kwa pamoja kwenye mchanga. Mimi mwalimu wangu alikuwa yule jirani, na somo lake lilikuwa moja: "Usiogope." Leseni niliamua nitachukua mwezi ujao. Helmeti ilikuja na pikipiki, moja, na kazi yake ilikuwa kuning'inia kwenye usukani hadi nione askari mbele. Ya abiria haikuwapo, na wala hakuna abiria aliyewahi kuiulizia. Bima ya mwezi mmoja ilipokwisha niliisahau, na nasema niliisahau kwa heshima tu, kwa kuwa nilikumbuka kila siku.

Lakini kazi ilikuwa nzuri, nisiwadanganye. Siku ya soko niliweza kushika shilingi 700, nikitoa petroli inabaki 400 na kitu. Niliandika kila kitu kwenye daftari la shule lililobaki na kurasa: nimetoa nani, nimempeleka wapi, amelipa ngapi, amebaki na deni gani. Mvua za vuli mwaka ule zilikosa, mabwawa yakaanza kukauka, na nikawa nabeba maji zaidi ya watu. Mitungi minne ya lita ishirini, miwili kila upande, mara sita kwa siku. Nilibeba kina mama wajawazito usiku wa manane hadi hospitali. Nilibeba jeneza dogo mara moja, na mzee akalikumbatia njia nzima, na sikumtoza nauli. Mama alilipa deni la chama kwa miezi minne. Wadogo zangu walienda shule na viatu. Ukiwa na miaka kumi na tisa na haya yote yanatoka mikononi mwako, unajiona mwanamume.

Sasa nifike kwenye Desemba. Mtu ambaye habari hii inamhusu anaishi si mbali na hapa. Nilikwenda kwake Jumapili kumwomba ruhusa, akasema, "Sema, lakini jina langu liache." Kwa hiyo nitamwita fundi, kwa sababu alikuwa fundi mwashi, na mzuri.

Ilikuwa siku ya soko, jua limeshatua. Fundi alikuwa na mpwa wake wa miaka kumi na moja na mfuko wa saruji nusu. Aliniuliza kama nitawaweza wote. Kwa safari mbili ningekunywa petroli zaidi, na kulikuwa na abiria mwingine aliyekuwa ananingoja. Nikasema, "Pandeni, fundi." Mtoto katikati, fundi nyuma, saruji mbele yangu juu ya tangi. Mshikaki kamili. Taa ya mbele ilikuwa dhaifu tangu wiki iliyopita, na fundi wa pikipiki alitaka 350 kuitengeneza.

Kuna bonde dogo lenye mchanga kabla hujafika kwao. Mbuzi alivuka. Mbuzi mmoja tu, wala hakuwa na haraka. Nilikamata breki ya mbele peke yake.

Nilivunjika mtulinga. Mtoto alipasuka juu ya jicho, na alama ile anayo mpaka leo. Fundi pikipiki ilimlalia mguu, na paja likavunjika. Alipelekwa Mombasa kwa gari la kukodi ambalo mama alilipa kwa kuuza mbuzi wawili usiku ule ule, kwa bei ya usiku. Mimi sikuwa na NHIF. Kwa mtu wa kujitegemea ilikuwa shilingi 160 kwa mwezi wakati ule. Lita mbili za petroli ya chupa huku kwetu zilizidi bei hiyo. Fundi hakuwa nayo pia. Bima ya pikipiki nimeshawaambia ilikuwa wapi.

Wiki mbili baadaye tuliketi chini ya mwembe, wazee wa kijiji, naibu wa chifu, watu wa fundi na watu wetu. Hakuna aliyepaza sauti. Ningependa wangenitukana. Mke wa fundi alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na alipoulizwa anataka nini alisema tu kwamba mume wake hula kwa miguu yake, maana hakuna ujenzi wa kukaa. Walikubaliana: gharama za hospitali, na gunia la mahindi kila mwezi hadi atembee. Alikaa miezi minane.

Madoa aliuzwa kwa shilingi 34,000, kwa sababu fremu ilikuwa imepinda. Yule aliyeinunua alianza kwa kung'oa kile kipande cha nailoni kilichobaki pembeni mwa kiti, akakitupa. Sijui kwa nini hicho ndicho kilichoniliza. Fedha hazikutosha, akauzwa ng'ombe wa nne. Baba mdogo alikuja nyumbani, akakaa, akanywa chai isiyo na maziwa, akaondoka bila kusema lolote. Ng'ombe watatu walikuwa wamedumu miezi saba.

Sasa niseme kwa nini nimewaeleza haya. Mimi niliwaona wale ng'ombe wakitoka zizini. Nilijua majina yao, na bado nilibeba mshikaki kwa ajili ya nauli moja. Wengi wenu mashine mmezichukua kwa mkopo wa kulipa kila siku, na ng'ombe wenu hamkumwona akitoka. Lakini yupo. Ni mzazi aliyeweka sahihi, au ni chama cha kina mama, au ni mke aliyetoa akiba ya biashara ya samaki. Kuna kina mama wameketi pale nyuma leo, na wala hawajaja kutazama vyeti peke yake.

Baada ya mtulinga kupona nilirudi steji, safari hii kama dereva wa skwodi kwenye pikipiki ya tajiri, napeleka hesabu jioni. Nilichukua leseni kwanza. Niliendesha miaka miwili na zaidi, nikaweka pesa, ndipo nikaingia chuo kusomea uandishi wa habari. Wakati huo huo sheria ya barabarani ilirekebishwa, mwaka 2012, na mnaijua kuliko mimi nilivyoijua: abiria mmoja tu, helmeti na jaketi la kung'aa kwa dereva na kwa abiria vilevile. Nimesikia wengine wakisema sheria ile iliandikwa na watu wa Nairobi wasioijua Kinango. Inawezekana. Pale bondeni ingetutosha hivyo hivyo.

Na kazini kwangu leo, huja ripoti fupi za ajali. "Watu watatu wamejeruhiwa baada ya pikipiki kupoteza mwelekeo." Sentensi moja, na mimi ndiye ninayeinyoosha kabla haijatoka. Kila mara nikifika neno "wamejeruhiwa" nasita kidogo. Pikipiki haipotezi mwelekeo yenyewe. Nimejaribu kuandika vingine, lakini nafasi huwa ni ndogo.

Fundi anatembea, kwa kuchechemea kidogo, na kwenye jukwaa la ujenzi hapandi tena. Hupiga lipu ya chini, na vijana wake humalizia juu. Kila nikija Kinango napita kwake. Hatuzungumzi mengi. Mpwa wake sasa ni mkubwa na ana pikipiki, na yumo humu ndani, na sitamtazama. Mama yuko nyumbani na ng'ombe sita. Kati yao yuko mmoja mwenye madoa, lakini amekataa kumpa jina hilo.

Mwalimu ananionyesha saa. La mwisho ni la kiofisi. Kuna wale mliofaulu mafunzo lakini hamjaomba leseni, na mwenyekiti ananiambia mko kumi na watatu. Maombi hufanywa kwa eCitizen, na najua baadhi yenu mnaogopa ile simu ikiuliza maswali mengi. Nimekuja na kompyuta. Nitakaa chini ya ule mkorosho hadi saa kumi, njooni na vitambulisho vyenu. Asiye na kitambulisho aje pia, nimwelekeze ofisi ya kwenda. Na picha za vyeti nitazipiga baada ya hapo, mkiwa mmevaa helmeti, ili zionekane kwenye jarida.