Kusi Ikifika, Usiache Maji ya Bahari Ndani ya Kondensa

(Mazungumzo ya fundi wa mitambo wa kaunti mbele ya wanachama wa BMU na wahudumu wa mitambo ya barafu)



Nimeombwa nizungumzie mirija ya kondensa, ile ya brasi ambamo maji ya bahari hupita ili kupoza gesi. Wengi huniambia, "Fundi, brasi haipati kutu." Kweli, haishiki kutu kama chuma, lakini inalika. Brasi ya kawaida ya mirija ni shaba na zinki, takriban 70 kwa 30. Maji ya chumvi, hasa yakiwa ya moto au yamesimama, huinyonya zinki na kuacha shaba yenye vitundu kama sponji. Mrija hubaki na umbo lake, ukiutazama juu juu huoni kasoro. Ukiukwaruza kwa kisu unaona wekundu badala ya manjano, na ukiukunja unakatika kama biskuti.

Haya yalinipata mwenyewe. Nilikuwa fundi kijana, Kusi imechafuka, mashua zimevutwa juu, barafu haina mnunuzi. Nikazima mtambo, nikafunga valvu pande zote mbili, nikaenda zangu nyumbani. Maji yalikaa humo miezi miwili, tope likatulia chini, wadudu wa baharini wakafa na kuoza. Uozo huo hutoa ile harufu ya yai viza, na gesi yake ni adui mkubwa wa brasi. Tulipowasha, gesi ya mtambo ikaanza kutoroka. Usiku tukazima, presha ikashuka, maji ya bahari yakaingia mpaka kwenye kompresa. Na wiki hiyo ndiyo samaki walipofurika! Jodari waliuzwa kwa bei ya kutupa. Hadi leo kuna mzee mmoja hunisalimia, "Kondensa, hujambo?"

Kwa hiyo, mtambo ukijulikana utalala zaidi ya siku mbili tatu, toeni maji yote ya bahari, suuzeni kwa maji baridi ya kunywa, piteni mirija kwa brashi ya nailoni, kisha acheni vifuniko wazi ikauke. Msitumie brashi ya waya. Brasi hujilinda kwa utando mwembamba unaojijenga ndani yake, na waya huukwangua. Ndiyo maana pia mirija mipya inataka maji safi yanayotembea katika wiki zake za kwanza. Utando ukianza vibaya, huwa shida.

Chujio la pampu likaguliwe kila siku. Gamba moja la chaza likikwama ndani ya mrija, maji huzunguka kwa kasi kando yake na kutoboa tundu papo hapo, hata kama mrija mwingine wote ni mzima.

Kuhusu kununua: muuzaji akisema tu "hii brasi", usitoe pesa. Kwa maji ya bahari ulizeni brasi ya aluminiamu, yaani shaba 76, zinki 22 na aluminiamu 2 katika kila sehemu 100, iliyotiwa aseniki kidogo sana. Hiyo aseniki ndiyo huzuia zinki isinyonywe. Brasi yenye bati asilimia 1, iliyopewa jina la jeshi la majini la Uingereza, inafaa zaidi kwa maji baridi.

Na wale wenye mitambo ya amonia, msifunge brasi wala shaba popote amonia inapofika. Brasi iliyokazwa hupasuka ikikutana na amonia yenye unyevu. Waingereza walilijua hilo kule India, maganda ya risasi zao yalipokuwa yakipasuka ghalani wakati wa mvua, karibu na mazizi ya farasi.

Nimekuja na mirija miwili, mmoja mpya, mmoja wa zamani. Kisu kiko mezani. Mzee wa mbele aanze kukwaruza, halafu ampe jirani.