Kutunza Nyuzi za Umeme Katika Motokaa Kuukuu

Leo twataka kusema habari ya nyuzi za umeme zilizo chini ya boneti ya motokaa kuukuu, mfano Land Rover, aina ya gari iliyoonyeshwa kwanza mwaka 1948. Pengine gari la namna hii ndilo pekee lichukualo wagonjwa wa kijiji kwenda hospitali. Likiungua, hasara ni ya watu wote.

Maadui wa nyuzi ni wanne. Wa kwanza ni joto la bomba la moshi, likaushalo mpira hata ukapasuka. Wa pili ni mtikisiko wa njia mbovu: uzi husuguana na ukingo wa bati hata shaba ikawa tupu, nayo ikigusa bodi hutoa cheche. Wa tatu ni mafuta, yaharibuyo mpira. Wa nne ni panya.

Basi yatupasa kufanya hivi. Kabla ya kazi tufungue kwanza uzi wa betri ulioungwa na bodi, na kuurudisha uwe wa mwisho, spana isije ikawasha moto. Tufunge nyuzi mbali na bomba. Kila tundu la bati lipitishalo uzi tulitie pete ya mpira. Tufute mafuta, wala tusiache nafaka garini. Fyuzi ikikatika, tusitie msumari mahali pake: fyuzi ni mlinzi, afa ili gari lipone. Tutafute kwanza uzi ulioharibika.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.