Moto Hauimalizi Sumu ya Buni

Mfanyabiashara mmoja hapa mjini aliniambia kuwa buni iliyoota ukungu haina neno, kwani ikikaangwa kila kitu hufa. Kwa ukungu wenyewe kasema kweli. Lakini sumu ambayo ukungu umekwisha kuiacha ndani ya buni haifi, maana si kitu chenye uhai. Huitwa okratoksini, ilitambuliwa Afrika Kusini mwaka 1965, nayo hudhuru figo. Moto hupunguza sehemu yake tu, na inayobaki huingia kikombeni pamoja na kahawa.

Buni tunayokunywa Unguja hutoka zaidi Bara, kama vile Kagera na Kilimanjaro. Mkulima huianika mpaka maji yaliyomo yafikie kama asilimia 12. Ikivuka bahari, kazi huanza upya, kwa sababu buni hunyonya unyevu kama chumvi. Liegemeze gunia kwenye ukuta wa mawe na chokaa wa Mji Mkongwe wakati wa masika, ukuta unaotoka jasho, kisha lifungue baada ya wiki chache ulinuse.

Tangu mwaka 2023 Umoja wa Ulaya unaruhusu maikrogramu 3 tu za sumu hiyo katika kilo moja ya kahawa iliyokaangwa. Kabla yake zilikuwa 5. Mnunuzi wa Hamburg ana maabara. Mnywaji wa Jaws Corner ana pua yake, nayo imezibwa na tangawizi. (Na tangawizi ikihifadhiwa vibaya huota ukungu vilevile!)

Simfukuzi mtu barazani. Sumukuvu iliyoua watu 125 Kenya mwaka 2004 ilikuwa ya mahindi, tena ya aina nyingine. Hii ya kahawa haimwangushi mtu kwa vikombe viwili vitatu, na ndiyo maana hakuna anayeipigia kelele.

Ningeomba Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, kila masika, utusomee hapa redioni matokeo ya vipimo vya buni ya madukani. Nanyi wenye maduka, wekeni magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Buni iliyogeuka rangi na kunuka udongo msiwauzie wauza kahawa kwa bei ya kutupa. Hao ndio wanaozunguka na madele usiku, na mteja wao haioni buni. Huona weusi wa kahawa tu.