Wingilugha na Wepesi wa Akili: Hazina Tunayoiadhibu



Nimekuja na hoja moja. Lugha nyingi tulizo nazo huinufaisha akili zinapopewa kazi ya kufanya, lakini shule zetu na vyumba vyetu vya matibabu mara nyingi huzinyima kazi hiyo.

Sayansi ilianza kwa kutuhukumu. Mwaka 1923, mtafiti D. J. Saer alitangaza kwamba watoto wa vijijini Wales waliozungumza lugha mbili walipata alama za akili za chini kuliko wenzao wa lugha moja. Hukumu hiyo ilidumu miongo mingi, ingawa tafiti za wakati ule hazikulinganisha ipasavyo hali za maisha za familia. Mwaka 1962, Elizabeth Peal na Wallace Lambert waliwapima watoto wa miaka 10 mjini Montreal, safari hii wakiwalinganisha watoto wa familia zenye hali sawa. Wenye lugha mbili, Kifaransa na Kiingereza, waliwapita wenzao, hasa katika maswali yaliyodai kugeuza fikra na kuzipanga upya.

Kwa nini lugha ziguse fikra? Kwa sababu lugha haizimwi kichwani. Muuzaji wa ndizi wa Moshi anayempigia mteja hesabu kwa Kiswahili bado ana Kichaga kilicho macho, tayari kumponyoka ulimini. Lazima akizuie, kisha akiachie mara shangazi yake anapofika. Kuchagua, kuzuia na kugeuka ni kazi ya ubongo, naye huifanya mchana kutwa.

Wanasaikolojia huipima kazi ya namna hiyo kwa jaribio la Stroop: neno “nyekundu” huandikwa kwa wino wa kijani, nawe utaje rangi ya wino bila kulisoma neno. Ellen Bialystok wa Toronto na wenzake walitumia majaribio ya aina hii, wakaona wenye lugha mbili wakifanya vizuri zaidi, na dunia ikashangilia. Lakini msomi mwaminifu hachagui matokeo yanayompendeza. Mwaka 2019, utafiti uliohusisha zaidi ya watoto 4,500 nchini Marekani haukuona tofauti hiyo. Kwa hiyo nawaomba wazazi msinunue ahadi kwamba lugha ya pili itamfanya mwanenu kuwa na akili kuliko mtoto wa jirani.

Ushahidi wenye uzito zaidi unatoka kwa wazee. Mwaka 2013, Suvarna Alladi na wenzake walichunguza kumbukumbu za wagonjwa 648 wa demensia, maradhi yanayodhoofisha kumbukumbu na fikra, mjini Hyderabad, India, mji ambao Kitelugu, Kiurdu na Kihindi hukutana sokoni kila siku. Wenye lugha zaidi ya moja walianza kuugua wakiwa wamechelewa kwa wastani wa miaka minne na nusu kuliko wenye lugha moja. Tofauti hiyo ilionekana hata kwa wasiojua kusoma, kwa hiyo haikuwa tunda la elimu ya darasani. Lugha haitibu demensia, wala utafiti wa aina hii peke yake hauthibitishi chanzo. Hata hivyo, Hyderabad inafanana zaidi na Mwanza na Mombasa kuliko inavyofanana na Toronto, na matokeo yake yanatuhusu.

Lugha hugusa pia namna tunavyobeba uchungu. Boaz Keysar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha mwaka 2012 kwamba mtu anapofikiri kwa lugha ya kigeni, hayumbishwi sana na namna swali linavyopambwa kwa hasara au faida. Lugha tuliyojifunza ukubwani huwa na baridi kiasi, na lugha ya utotoni ina joto la kubembelezwa na la kukaripiwa. Ndiyo maana mtu anaweza kusimulia kwa Kiingereza aibu asiyoweza kuitamka kwa lugha ya mama yake, kisha akahitaji lugha hiyohiyo ya mama ili aweze kulia. Mwenye milango miwili ya kuuingia msiba wake ana nafasi kubwa zaidi ya kuumudu. Mshauri nasaha anayemfungia mgonjwa mlango mmoja anampunguzia dawa.

Nasi tunaifunga milango hiyo mapema. Ngũgĩ wa Thiong’o aliandika mwaka 1986 jinsi watoto wa Kenya ya kikoloni walivyochapwa na kuvishwa vibao shingoni kwa kuzungumza Kikuyu shuleni. Ukoloni umekwisha, lakini bado zipo shule Afrika Mashariki zinazomwadhibu mtoto kwa lugha ya nyumbani kwao, na nyingine humwadhibu hata kwa Kiswahili. Mtoto huyo hajifunzi kuzigeuza lugha zake. Anajifunza kuiogopa mojawapo.

Walimu, fundisheni Kiingereza kwa bidii, lakini ondoeni adhabu ya lugha. Mwacheni mwanafunzi ajadili hoja kwa lugha anayoimudu, kisha aiandike kwa lugha ya mtihani. Madaktari na washauri nasaha, mwulizeni mgonjwa anataka kusema kwa lugha gani, na mruhusuni abadilishe katikati. Wazazi, zungumzeni na watoto wenu lugha zenu zote bila kuona haya. Na vyuo vyetu vifanye utafiti wao hapa nyumbani, kwa maana Tanzania ina lugha zaidi ya 120, na hatupaswi kusubiri Toronto itueleze akili za watu wetu.